Kifuniko cha Injini ya Musyu Gérard

Jumatatu, 1 Oktoba 1956

Daftari hili nilipewa la kuandikia vipimo vya gari. Vipimo vimejaza kurasa nne tu, na mimi nina maneno mengi kuliko vipimo, kwa hiyo nimeligeuza na kuanzia nyuma.

Naitwa Donatien Musafiri, mzaliwa wa Pangi, fundi wa kung'arisha vyuma katika gereji ya mzungu wetu, Musyu Gérard, hapa Kindu. Leo ametufunulia turubai. Chini yake kuna gari la mbio la viti viwili, pua ndefu, alilolinunua kwa mjane mmoja wa Kibelgiji huko Albertville. Limekuja kwa treni vipande vipande, lina kutu na viota vya panya. Tarehe 9 Desemba kuna mbio za kupanda mlima nje ya Bukavu, na Musyu Gérard ameapa kwamba atalipeleka mwenyewe. Injini ataifunga yeye. Mbao na rangi ni kazi ya Tambwe. Kila kipande cha chuma cha kung'aa ni changu, na nisiseme uongo, nilifurahi kama siku ya harusi.

Nilipovuka mto kurudi nyumbani Alunguli nilimsimulia mke wangu Pélagie. Mimba yake imeingia mwezi wa saba. Kule Pangi tumezika watoto wawili, na Masœur Odile, mtawa mkunga wa hospitali, amesema wazi kwamba safari hii ajifungulie Kindu, mikononi mwake, asitoke mjini hata kidogo. Kwa hiyo kazi hii lazima niishike kwa meno. Mwezi uliopita fundi mwenzetu Florentin alivunja kioo cha taa iliyoletwa kwa treni. Musyu Gérard alimwandikia wino mwekundu katika kitabu chake cha kazi, na mtu mwenye wino mwekundu hapati kazi nyingine wala karatasi ya kukaa mjini. Siku ya nne tulimwona barabara ya Kailo na mkeka kichwani.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mvua kutwa.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemaliza njia za hewa ndani ya kichwa cha injini. Musyu Gérard anataka ziwe laini ili injini ivute pumzi bila kukwama, maana nguvu ya gari la mbio inaanzia hapo. Karatasi ya kusugulia inalowa na kuoza kwa unyevu huu, basi natumia majani ya msasa yaliyokaushwa, nayazungushia kijiti na kusugua taratibu. Nikipitisha kidole hakikwami popote.

Tambwe anachemsha sandarusi, utomvu wa kung'arishia, kwa ajili ya ubao wa mbele wa gari na usukani, na gereji nzima inanuka kama kanisa. Huyu Tambwe ni mtu wa mjini, babu zake walikuja na Waunguja, na hakuna siku asiyotukumbusha. Leo alisimama nyuma yangu akaangalia muda mrefu.

"Weye muntu ya Pangi," akasema, "unasugua kama unakuna mugongo ya mamamukwe."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ana macho ya kuhesabu makosa ya watu, na nina hakika habari za Florentin zilifika ofisini kwa mdomo wake.

Jumatatu, 15 Oktoba

Leo nimesifiwa mbele ya wote! Taa mbili kubwa za shaba zilikuwa nyeusi kama sufuria ya mazishi. Nilizitia katika maji ya majivu, yale makali tunayochuja nyumbani kutoka majivu ya maganda ya ndizi na mikungu ya michikichi, kisha nikazimalizia kwa limau. Musyu Gérard aliuona uso wake ndani ya taa, akachana nywele.

"Musafiri, hii iko muzuri sana," akasema.

Tambwe alikuwa anapaka sandarusi, hakuinua hata kichwa. Wivu huo.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mto umepanda. Mtumbwi wa jioni unaondoka mapema, anayechelewa analala ng'ambo.

Jumanne, 23 Oktoba

Nimekabidhiwa kifuniko cha juu cha injini, kile kinachoziba vali. Ni cha alumini, urefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, kina matuta tisa mgongoni na jina la kiwanda katikati. Musyu Gérard alikishika kama mtoto mchanga. Kiwanda chenyewe kilikufa wakati wa vita, hakuna kingine duniani cha kuagiza. Kina mafuta yaliyoganda miaka ishirini. Nimekilaza kwenye ndoo ya maji ya majivu. Mvua ilikuja na mpiga kasia akaanza kupiga kelele za kuita abiria, kwa hiyo nikakiacha humo kilowe mpaka asubuhi.

Jumatano, 24 Oktoba

Sijui niandike vipi. Lakini nisipoandika nitapiga kelele na Pélagie ataamka.

Nilifika wa kwanza. Kabla sijaiona ndoo niliisikia. Ilikuwa inachemka, na hakuna moto. Maji yamekuwa meusi, povu limemwagika mpaka sakafuni. Nikatia mkono, ngozi ikaniwasha, nikatoa kifuniko. Mungu wangu. Kimeliwa. Matuta tisa yamekuwa kama mifupa ya samaki, jina la kiwanda limefutika, na ukingo wa chini, ule unaokaa juu ya injini kuzuia mafuta yasivuje, una matundu napitisha kidole.

Kila mwanamke Kindu anasugua sufuria ya alumini kwa majivu na inang'aa. Mama yangu anasugua, Pélagie anasugua. Mimi nikajiambia, kama majivu makavu yanang'arisha, maji yake makali yatang'arisha zaidi. Shaba ilinidanganya. Lakini nani aliniambia alumini ni ndugu ya shaba? Hakuna. Ni kichwa changu kikubwa kilichovimba kwa sifa za wiki iliyopita.

Nikamwaga maji nyuma ya ukuta. Kifuniko nikakifunga katika gunia na kukisukuma chini ya vyuma chakavu. Saa mbili Musyu Gérard akapita.

"Kifuniko iko wapi?"

"Bado nasugua, Musyu."

"Vipande yote nataka tarehe makumi mbili na moja ya Novembre. Hapana siku moja ya kuongeza."

"Ndiyo, Musyu."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza katika gereji hii. Kutwa nzima niliuona wino mwekundu mbele ya macho. Nilimwona Pélagie juu ya lori la kwenda Pangi na tumbo lake, na barabara ile ina mashimo makubwa.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nasugua skrubu. Nimesugua skrubu zile zile mara tatu.

Jumamosi, 27 Oktoba

Nimemwambia Pélagie. Nilidhani atalia. Aliendelea kutwanga sombe ya majani ya muhogo, kisha akauliza, "Nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi ambia muntu. Weye peke yako, kila kitu unafanya haraka, na haraka njo imekula ile kifuniko."

"Nimwambie nani? Tambwe?" Nilisema kwa dhihaka.

"Sijue. Lakini mimi sipande lori, Donatien. Nakuambia mapema."

Nilitoka nje nikakaa barazani. Ana haki ya kukasirika, na kukasirika kwake kulinitisha kuliko Musyu Gérard.

Jumatatu, 29 Oktoba

Tambwe amejua.

Alikuwa anatafuta kipande cha chuma cha kukandamizia gundi, akavuta gunia. Niligeuka nikamkuta amekiinua kifuniko kwenye mwanga wa dirisha, anachungulia kupitia matundu. Nilijua sasa atavuka ua moja kwa moja mpaka ofisini, na nilitaka kumrukia shingoni, kweli kabisa, nyundo ilikuwa mkononi.

Akasema taratibu, "Majivu?"

"Majivu."

"Usiku mujima?"

"Usiku mzima."

Akakirudisha ndani ya gunia na kulifunga vizuri kuliko mimi nilivyolifunga. "Weye iko mujinga ya kweli, ndugu Musafiri. Siku ya mungu njoo kwangu. Beba pistoni za zamani, zile za camion ya muzigo zilizo kwa rundo. Zile njo alumini muzuri ya kuyeyusha."

Nikamwuliza kwa nini asiende kunishtaki. Akakasirika.

"Kushitaki? Mimi?"

"Florentin alishtakiwa na nani?"

"Florentin alijishitaki yeye mwenyewe. Alienda ofisini na vioo mkononi. Mimi nilikuwa pale mulangoni. Nilijua ile taa ilikuwa na ufa tangu treni, niliona na macho yangu. Nikanyamaza. Niliendelea kupaka rangi."

Kisha akaenda kuswali. Nimeaibika mpaka sasa hivi ninapoandika. Miezi yote hii nilimpa mtu huyu roho ambayo hana.

Jumapili, 4 Novemba

Sikwenda misa. Padri atauliza, nitasema nilikuwa kwa Mwislamu nayeyusha pistoni, tuone atatoa kitubio gani.

Tambwe anakaa upande wa Kindu, nyumba yenye ua mkubwa. Tumeziba matundu ya kifuniko kwa nta, tukajenga upya matuta tisa, nayo pia kwa nta. Tukachukua mchanga mwembamba wa mto, tukauchanganya na udongo wa kichuguu uliosagwa ili ushikamane, tukaushindilia ndani ya sanduku la mbao na kuacha alama ya kifuniko. Chungu cha chuma, makaa, mivukuto miwili. Jirani zake walidhani tunatengeneza pesa bandia. Alumini iliyeyuka ikawa kama maziwa yenye utando, tukamimina.

Tulipovunja mchanga kikatoka kizima. Kizuri! Nilimkumbatia Tambwe, na kofia yake ikaanguka. Kisha akatoa ubao wenye alama za matundu ya skrubu, nilioupima siku ya kwanza kwenye injini yenyewe. Tukakilaza. Tundu la kwanza lilikaa, la pili likapotea, na la mwisho lilikuwa mbali kwa nusu kidole. Kifuniko ni kifupi. Alumini ikipoa inasinyaa, kama nguo mpya iliyofuliwa.

Tuliketi chini. Mke wake alileta ugali, hakuna aliyegusa. Siku kumi na saba zimebaki.

Jumatano, 7 Novemba

Tambwe anachonga kielelezo cha mbao, kirefu kidogo kuliko kifuniko cha kweli, ili kikipoa kirudi kwenye kipimo. Tumepima kile kifupi ili kujua kimepungua kiasi gani, na hicho hicho ndicho anachokiongeza kwenye urefu na upana. Anachonga wakati wa chakula, nyuma ya mlango wa gari. Musyu Gérard alimwuliza anafanya nini. Akajibu ni sanduku la Kurani. Kisha akaniambia mimi nitaomba msamaha kwa Mungu wake pia.

Ijumaa, 9 Novemba

Mvua. Musyu Gérard ameuliza tena.

Jumamosi, 10 Novemba

Mvua. Pélagie amevimba miguu.

Jumapili, 11 Novemba

Mvua ilinyesha mpaka saa nne, na mchanga wenye maji mengi ukimiminiwa alumini ya moto unalipuka usoni. Mke wa Tambwe alitutolea jikoni sufuria zake zote, tukakaanga mchanga kama karanga, kidogo kidogo, mpaka ukafaa. Alitutukana muda wote, kwa Kiswahili safi cha kwao, na hakuacha kukoroga.

Saa tisa tulimimina. Safari hii sikuvunja kalibu ya mchanga haraka. Tambwe alisema tungoje mpaka baada ya swala ya alasiri, tukangoja. Alipokuwa anaswali mimi nilisali rozari nyuma ya banda la kuku.

Tukavunja. Tukakilaza juu ya ubao. Tundu la kwanza, la pili, la tatu, yote kumi na mawili. Yote! Nilikaa chini kwenye matope na suruali yangu ya Jumapili, nikacheka kama mwendawazimu, na Tambwe akanimiminia maji kichwani. Nimevuka mto usiku nikiimba, na mpiga kasia akaniuliza nimekunywa nini.

Jumanne, 13 Novemba

Nimepiga tupa kutwa nzima.

Ijumaa, 16 Novemba

Kifuniko kilitoka na ngozi mbaya, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nimeanza na tupa kubwa, kisha ndogo, kisha mchanga na kitambaa, na sasa majani ya msasa yaliyolowekwa mafuta. Kati ya tuta na tuta kidole hakiingii, kwa hiyo nasugua kwa uzi. Tambwe anapita na kusema, "Mamamukwe anaendelea?" Namjibu kwamba anamsalimu.

Jumatano, 21 Novemba

Siku yenyewe.

Nilipanga vipande vyote juu ya blanketi: taa, vifuniko vya magurudumu, mikono ya milango, mabomba ya shaba. Kifuniko nilikiweka katikati. Musyu Gérard alipita kipande kwa kipande mikono nyuma. Alipofika katikati akasimama. Akakiokota, akakigeuza, akapitisha dole gumba pale mgongoni ambapo jina la kiwanda lilikuwa. Pale ni laini tupu.

Na mimi nikaona kwamba nikingoja aulize, nitadanganya tena.

"Kile cha zamani nilikiharibu, Musyu. Mimi njo nilikitia majivu, kikaliwa. Hiki tumekisubu sisi kwa pistoni za zamani."

"Sisi nani?"

Nyuma yangu nikasikia brashi inawekwa chini. "Mimi, Musyu," Tambwe akasema. "Kielelezo njo yangu."

Wekundu ulimwanza Musyu Gérard shingoni ukapanda usoni. Alitukana kwa Kifaransa, kisha kwa Kiflamandi, ambacho hatukijui ila tulikielewa. Akaniita mwizi wa pistoni. Nilisimama nikitazama viatu vyake. Akaingia ofisini akatoka na kitabu changu cha kazi na kalamu, na nikamwona anaufungua ule ukurasa. Lakini akakitazama kifuniko tena. Nadhani aliyazuia macho yake, yakamshinda. Akakichukua akaenda nacho kwenye injini, akakilaza, akatia skrubu zote kumi na mbili kwa mkono, bila nyundo.

Akatia kitabu changu katika mfuko wa shati lake. "Nitaandika nikitoka Bukavu. Ikivuja tone moja, moja tu, wewe narudi Pangi na bibi yako."

Alhamisi, 22 Novemba

Injini imewashwa. Ndege wote wa stesheni waliruka. Imenguruma robo saa. Nilipiga magoti na kupitisha karatasi nyeupe kuzunguka ukingo wote. Kavu. Lakini robo saa gerejini haifanani na mlima.

Jumatatu, 3 Desemba

Gari limevushwa kwa kivuko na kuondoka kupitia Alunguli, watoto nyuma yake. Pélagie alitoka kutazama, mkono kiunoni. Akasema ni zuri, lakini linakwenda na kitabu chetu.

Jumapili, 9 Desemba

Leo wanapanda mlima. Nimekwenda misa mbili.

Jumatano, 12 Desemba

Hakuna habari. Masœur Odile anasema ni siku chache tu zimebaki. Usingizi hakuna.

Ijumaa, 14 Desemba

Amerudi!

Tulilisikia gari likiwa bado ng'ambo. Likavuka, likaingia ua likiwa na matope mpaka vioo, na taa yangu moja imebonyea. Musyu Gérard alishuka na ndevu za siku tatu. Amekuwa wa nne kati ya magari kumi na manane. Sikumsalimu hata. Nilifungua boneti na kupiga magoti na kitambaa changu cheupe, nikazunguka ukingo wote mara mbili. Vumbi. Vumbi kavu jekundu la Kivu, na hakuna mafuta hata ya kulainisha kope.

"Nini unatafuta?" akauliza juu yangu. "Hakuna. Nimetafuta mimi pia, kila jioni."

Akanirushia kitabu. Nikafungua pale pale, mbele yake, kwa adabu mbaya kabisa. Wino wa bluu. Mkataba wa mwaka mwingine, na muhuri.

Kisha akawa anamhadithia karani wake kwa Kifaransa, akidhani hatusikii. Wazungu wawili wa Bukavu walikipenda kifuniko na wanataka vya namna hiyo kwa magari yao. Walimwuliza nani amekitengeneza. Akawaambia ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Nikamgeukia Tambwe. Mwezi wa Oktoba ningetupa nyundo. Mimi, ambaye sifa moja ya taa ilinilevya wiki nzima! Lakini nilitafuta hasira ndani yangu sikuiona, na Tambwe alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, mabega yanaruka kwa kicheko.

"Fundi mukubwa, yule," akasema. "Atatuonyesha siku moja namna ya kukaanga muchanga."

Tulicheka mpaka tukaegemea gari. Nimekimbia mpaka mtoni kumpelekea Pélagie kitabu, akakisoma herufi kwa herufi, akakiweka chini ya mto wa kitanda na kulala saa hiyo hiyo, jua bado halijatua. Sijamwona amelala hivyo tangu mvua zianze.

Jumatano, 19 Desemba

Uchungu ulianza alfajiri. Tumevuka na mtumbwi wa kwanza, na kutoka gatini mpaka hospitali ni dakika ishirini kwa mguu, Pélagie akisimama kila mti. Karani wa mlangoni alitazama muhuri, akatupisha. Nilibaki nje kwenye benchi. Saa tano na nusu Masœur Odile akafungua mlango, amekunja mikono ya gauni mpaka viwiko, amechoka.

"Mama yake iko muzima," akasema. "Nawa mikono."

Nikanawa. Akaitazama. Weusi wa alumini umeingia katika kila mstari wa viganja vyangu. Akanirudisha kwenye bomba, nikasugua kwa sabuni, akanirudisha tena, nikasugua kwa mchanga wa kwenye kopo la maua mpaka ngozi ikauma. Akashusha pumzi, akasema itatosha, na akaniwekea mtoto juu ya mikono ile ile. Ni msichana, kilo tatu na robo. Alikuwa analia kwa nguvu na mimi nikalia naye, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikuwa na haraka ya kwenda popote.